Nchi Iliyolipigia Makofi Daraja

Wapo watu wanaokwenda nchi za wenzao wakarudi na vitenge, na wapo wanaorudi na maneno. Bi Mwanaidi Shekue wa Ngamiani, Tanga, ni wa hao wa pili. Sogeeni basi, aliye nyuma aje mbele, pa kukaa hapakosekani, tusikie aliyoyakuta Makofini.

Kwanza mjue ni mtu gani. Bi Mwanaidi ni mshereheshaji wa maharusi. Kwa pale Tanga, harusi asiyokuwepo yeye watu hawaiiti harusi, wanaiita kikao. Akishika kipaza sauti wageni hucheka mpaka wanaombana msamaha. Shule hakwenda mbali. Alisomea barazani, sokoni na majikoni mwa watu, na hakuna nyumba mtaani ambayo hajui humo ndani nani hasemi na nani. Mwenyewe husema chakula chake ni watu: nyumba ikijaa ananawiri, ikiwa tupu anaugua.

Makofini alikwenda kwa jambo moja tu. Mtoto wa mdogo wake, binti anayeitwa Zamda, alikwenda kufanya kazi ya cherehani huko, akapata mchumba, kijana wa hukohuko kwa jina Makini, na harusi ilikuwa Ijumaa. Bi Mwanaidi akabeba ndoo ya samli, mfuko wa viungo vya pilau, na sauti yake. Habari za njiani tuziache. Njia zote zinafanana, miguu huvimba tu.

Mpakani askari hakumwomba hati.

"Umekuja na wazo gani?" akamuuliza.

"Nimekuja na samli."

Askari akaegemeza rungu ukutani. "Samli kwa maana ya kile kinachotulainisha sisi wanadamu?"

"Samli kwa maana ya samli, mwanangu. Ya ng'ombe."

Askari akatikisa kichwa kwa hisia, akaanza kupiga makofi. Waliokuwa nyuma kwenye foleni wakapiga pia, na mmoja akafuta machozi. Bi Mwanaidi akainamisha kichwa kushukuru, kama alivyozoea, akajisemea moyoni: hii ndiyo nchi ya watu wangu.

Na kweli Makofini ni nchi nzuri, tusiipake matope. Watu wake ni wakarimu, wasafi, wepesi wa kucheka, na wana huruma na dunia nzima. Kila mtaa una ukumbi, na katikati ya ukumbi umetandikwa mkeka mwekundu wa duara. Kila jioni mtu mmoja aliyevaa nguo nyeusi husimama juu ya mkeka ule akaeleza jinsi ya kumaliza shida fulani ya walimwengu: njaa, kiu, upweke, joto. Hotuba zina mwendo wake. Mzungumzaji huanza na siku aliyolia alipokuwa mdogo. Hufuata picha kubwa ya mtoto anayecheka. Halafu hunyamaza, watu wavute pumzi. Halafu huuliza kwa sauti ya chini, "Je, ingekuwaje kama...?" Hapo ukumbi mzima husimama, na makofi hulia mpaka mapaa hutikisika.

Sasa sheria ya nchi ndiyo hii: shida iliyopigiwa makofi watu wakiwa wamesimama, imekwisha. Kengele hugongwa, shida hutangazwa kuwa imetatuliwa, na tangu hapo ni kosa kuitaja, na kosa kubwa zaidi kuishughulikia, maana kuishughulikia ni kuwatukana waliosimama.

Njaa ilikwisha zamani, kwa hotuba tamu ambayo wazee bado wanaisimulia. Kwa hiyo Makofini hakuna anayesema ana njaa, husema, "Tumbo langu lina fursa." Mashimo ya barabarani yamekwisha pia, na mtu akilifikia shimo hulizunguka kwa heshima, kofia mkononi. Paa la shule lilipata makofi marefu mno, na watoto wanasoma wakiwa wamefunua miavuli, ambayo walimu huiita nyenzo za kujifunzia. Kila mtu ana furaha. Bi Mwanaidi aliyatazama yote hayo siku ya kwanza akicheka peke yake, akiyaweka akiba ya kusimulia barazani.

Kicheko kilimkauka alipofika kwa Zamda.

Gauni la harusi lilikuwa limetundikwa ukutani, jeupe, limefunikwa kwa kanga lisishike vumbi. Zamda alikuwa amekaa chini yake ameshika tama.

"Shikamoo, mama mkubwa."

"Marahaba. Haya, bibi harusi gani huyu? Nimeacha maiti Tanga zina sura nzuri kuliko hii. Nani kakufanya nini?"

"Mto, mama mkubwa."

Makini, mchumba, alikuwa akiishi ng'ambo ya pili ya mto unaoigawa Makofini. Juu ya mto palikuwa na daraja la mbao, na daraja lile lilikuwa limekatika katikati, pengo la kuingia nyumba.

"Si walijenge?"

"Limeshatatuliwa," Zamda akasema. "Hotuba yake nasikia ilikuwa kali, watu walisimama mpaka magoti yakawauma. Kila mwaka wanaisherehekea siku ile. Mitumbwi imepigwa marufuku, maana ukipanda mtumbwi ni kama unasema daraja hakuna. Watu wanaogelea, nguo kichwani. Makini akija kuniona huja ameloa, akiondoka huondoka ameloa. Mimi sijawahi kumwona mchumba wangu mkavu mpaka atundike shati."

Bi Mwanaidi alitaka kucheka, akajizuia.

"Na nyanya yake," Zamda akaendelea, "Bi Staha, ndiye aliyemlea, mzee wa kushikwa mkono. Hajavuka mto tangu daraja likatike. Anasema hafi mpaka anione na gauni langu. Sasa mimi nitamfikia vipi, nikiogelea na shela? Mvua zikianza mto unajaa, hata hao waogeleaji hawavuki. Tumeshaahirisha mara mbili, mama mkubwa. Safari hii ikishindikana narudi nawe Tanga, na Makini namwachia mto wake."

Aliposema hivyo alitazama gauni, hakumtazama mama mkubwa wala mtu yeyote. Bi Mwanaidi akajua hapa hakuna utani.

Kesho yake akaenda Barazani, wanakokutana wajumbe wa nchi. Huko alimkuta Bwana Upeo, Mpima Makofi Mkuu, mtu mrefu mwenye sauti ya asali, aliyening'iniza shingoni kipimo cha shaba chenye mshale. Makofi yakilia mshale hupanda. Yakizidi mstari mwekundu, kengele hugongwa.

"Bibie," akasema Bwana Upeo, "daraja lipo."

"Nimetoka huko sasa hivi. Kuna daraja huku, kuna daraja kule, na katikati kuna samaki."

Wajumbe wakaguna, maana alikuwa akitaja kilichotatuliwa, lakini kwa kuwa ni mgeni walimsamehe, wakaamua kulijadili kama wazo. Mjumbe mmoja akasimama akasema kwamba lile si pengo, ni nafasi ambayo daraja limemwachia kila mmoja wetu atafakari. Wakampigia makofi. Mjumbe wa pili akampinga vikali: akasema pengo lipo, ila kulowa ni mtazamo wa mtu aliyezoea kukauka. Huyo naye wakampigia makofi. Kengele ikagongwa mara mbili, ikatangazwa kwamba pande zote mbili zimeshinda, na Baraza likaahirishwa wajumbe wakikumbatiana.

"Umeona?" Bwana Upeo akamwambia akitabasamu. "Hapa hakuna mtu anayetoka ameshindwa."

"Isipokuwa mwanangu," akajibu Bi Mwanaidi.

Mlango wa mbele ukifungwa, Bi Mwanaidi huingilia jikoni. Mke wa Bwana Upeo aliitwa Bibi Dira, mama mnene mcheshi ambaye Zamda alikuwa akimshonea. Alasiri ileile Bi Mwanaidi alikuwa ameshakaa kwenye kigoda nyuma ya Bibi Dira anamsuka, na umbea unatembea kwa zamu. Alimpa wa Ngamiani wote, mpaka wa watu waliokwisha kufa. Alimfundisha kupiga kigelegele, kitu kisichojulikana Makofini. Bibi Dira alijaribu akatoa sauti ya kuku aliyekanyagwa, wakacheka mpaka kitana kikaanguka.

"Nawe, shoga," Bi Mwanaidi akasema akivuta msuko, "mumeo yule mbona mshupavu hivyo? Haogopi kitu?"

"Upeo?" Bibi Dira akashusha sauti. "Usimwambie mtu. Anaogopa kimya. Huwa anaota ukumbi umejaa, hotuba imekwisha, na hakuna anayepiga. Anaamka anatetemeka."

"Akiota hivyo kuna nini?"

"Kuna sheria. Hotuba ikikosa makofi kabisa, hata ya mtu mmoja, basi kila kilichotajwa ndani yake kinafunguliwa upya. Kinarudi kuwa shida, na watu wanaruhusiwa kuigusa."

Mkono wa Bi Mwanaidi ukasimama hewani. "Imeshawahi kutokea?"

"Hapa? Mzungumzaji mmoja alipaliwa akapelekwa hospitali, walimsindikiza na makofi mpaka kitandani."

Sasa, desturi ya Makofini humpa mgeni mkeka mara mbili: siku ya kukaribishwa na siku ya kuaga. Usiku wa kukaribishwa ulikuwa uleule. Bi Mwanaidi akakata shauri. Yeye aliyetumia umri wake wote kuwafurahisha watu, leo atawachosha. Atawachosha mpaka walie.

Akapanda mkekani, uso kama ukuta, na kwa sauti ya mtu anayesoma majina ya wagonjwa akaanza kueleza pilau inavyopikwa. Hakusema alilia lini, hakuonyesha picha ya mtoto, hakuuliza ingekuwaje. "Unakata kitunguu. Unakikaanga. Usiondoke. Kikianza kuwa na rangi unatia nyama. Unakoroga." Akaeleza bizari nzima, akaeleza mdalasini, akaeleza kufunika. Mwishoni akachomeka, "Na daraja lenu limekatika," akanyamaza kama mtu aliyesahau kilichomleta.

Ukumbi ulikuwa kimya. Akaanza kutumaini. Kisha mwanamume wa safu ya mbele akanong'ona, huku midomo inamtetemeka, "Kitunguu... kitunguu ni sisi." Jirani yake akasema, "Usiondoke! Mmesikia? Anasema usiondoke!" Wakasimama wote kama maji yanayochemka. Makofi yalilia mpaka mshale wa Bwana Upeo ukakwama. Kengele ikagongwa.

"Pilau imetatuliwa!" akatangaza Bwana Upeo. "Na daraja limetatuliwa kwa mara ya pili!"

Askari wawili wakaja kwa heshima kubwa wakaifunga ndoo ya samli kwa utepe na kuuchukua mfuko wa viungo, maana kuanzia hapo kupika pilau Makofini ilikuwa kosa.

Wakarudi nyumbani. Mlangoni Zamda akauliza, "Sasa wageni watakula nini, mama mkubwa?" Swali hilo lilimuuma Bi Mwanaidi. Na kilichomuuma zaidi ni kwamba makofi yale, hata akijua yamemharibia kila kitu, yalimwingia tamu kama asali, na alikuwa ameinama kushukuru kabla hajajizuia.

Siku zilizofuata alishinda jikoni kwa Bibi Dira, maneno yamemwishia, jambo ambalo halijawahi kusikika. Bibi Dira alikuwa anakanda unga wa chapati, mikono imezama mpaka kwenye vifundo. Bwana Upeo akaingia kutoka kazini, akasimama mlangoni, na kama kawaida yake akatoa neno: "Mke wangu, je, ingekuwaje kama kila nyumba ingekuwa chemchemi?"

Bibi Dira akainua mikono apige makofi. Unga ukaning'inia. Akaitazama mikono yake, akamtazama mumewe, na kwa kuwa hakuwa na la kufanya na ule msisimko, akamjibu.

"Ingekuwa vizuri. Ndoo iko nje, pipa halina kitu."

Bwana Upeo akasimama kidogo, kama mtu aliyeitwa kwa jina la mtu mwingine. Kisha akatoka akaenda kuteka maji.

Bi Mwanaidi akainuka kwenye kigoda. Alikuwa amekaa Makofini karibu wiki nzima, na hiyo ndiyo mara ya kwanza kumwona mtu wa nchi ile akisikia jambo halafu jambo likafanyika.

"Shoga," akasema, "kesho kutwa nikiaga, nataka unifanyie kitu kimoja. Na upike kile kilichokatazwa, kwa viungo vya jikoni mwako."

"Wataikuta harufu!"

"Harufu waniachie mimi."

Alhamisi ilikuwa sikukuu ya daraja. Nchi nzima ilishuka ukingoni, kwani kila mwaka siku ile hujengwa jukwaa jipya pale pale kwenye pengo, hotuba zikasomwa, na jukwaa likabomolewa jioni. Ndiyo maana Makofini kuna maseremala ambao hutawaona kokote duniani: wana mikono ya majukwaa. Mbao zilikuwa zimerundikwa ukingoni, ndefu, nene, zimerandwa mpaka zinang'aa. Ng'ambo ya pili watu wa kwao Makini walikuwa wamekuja kusikiliza, na mbele yao, juu ya kiti, alikaa Bi Staha amejifunga kanga mbili. Makini alikuwa amesimama nyuma ya kiti, safari hii mkavu. Mbinguni mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya.

Bi Mwanaidi akaomba aage kabla jukwaa halijajengwa. Akatandika mkeka mwekundu mchangani.

"Wenyeji wangu," akasema, "kwetu Tanga mwenye shughuli hasemi mbele ya watu waliokaa bure. Kwetu mtu husikiliza akiwa ameshika. Basi leo nawaomba kila wawili washike ubao mmoja, huyu huku, yule kule."

Minong'ono ya furaha ikapita. Watu wa Makofini wanapenda jambo jipya kuliko sukari. "Usikilizaji shirikishi!" akasema mmoja. "Uzito wa wazo!" akasema mwingine. Wakakimbilia rundo. Waliokosa ubao wakalalamika, wakapewa misumari viganjani na nyundo; ng'ambo nako Makini akawashikisha watu wa kwao mbao za upande wao. Baada ya kitambo kidogo ukingo mzima ulikuwa umesimama umeshika mbao, na kila ubao una watu wawili, ukiachia wewe, vidole vya mwenzako vinakwenda.

Ndipo akaanza. Na safari hii hakuwachosha. Aliwapa sauti yake yote, ile wanayoilipia nauli watu wa Muheza kwenda kuisikia. Aliwaeleza jinsi daraja lilivyokatika, na jinsi Makini anavyofika kwa mchumba wake akitiririka maji kama shuka iliyoanuliwa kabla ya wakati. Akaiga anavyobisha hodi meno yakigongana. Wakacheka mbao zikacheza. Akawaeleza gauni lililofunikwa kwa kanga. Akawaeleza pilau ambayo haipikwi. Akamwonyesha Bi Staha kule ng'ambo, bibi anayesikia habari za harusi lakini hawezi kuifikia, na akasema, "Yule anangoja mtu amfikie. Hangoji hotuba. Nami nimekwisha kusema. Kwaherini."

Akatoka mkekani.

Loo! Mngeyaona yale macho. Machozi yalikuwa yanawatoka, vifua vimejaa, mabega yanatetemeka, na kila mkono umekwama chini ya ubao. Bwana mmoja alilegeza vidole, mkewe upande wa pili akamfokea, "Jaribu, uone!" Kimya kikakaa juu ya mto. Ni kimya ambacho Bi Mwanaidi hajawahi kukisababisha tangu azaliwe, na kilimchoma kama pasi. Ukingo umejaa pomoni, na hakuna hata mmoja anayempigia. Akajishika mikono asije akajipigia mwenyewe.

Mtu mmoja tu alikuwa hana mzigo. Bwana Upeo alishika kipimo chake. Mshale ulikuwa umelala chini kabisa, na ile ndoto yake ilikuwa imesimama mbele yake mchana kweupe. Makofi ya mtu mmoja yangetosha. Taratibu akakiachia kipimo kikaning'inia shingoni, akainua viganja viwili.

"Mume wangu, hebu nishikie," akasema Bibi Dira, akamkabidhi sufuria.

Mume wa Makofini ni kama mume wa kokote: akiambiwa nishikie, hushika kwanza ndipo aulize. Ilikuwa ya moto, kubwa, haiwezi kushikwa kwa mkono mmoja wala kuwekwa juu ya mchanga. Harufu ikampanda puani.

"Dira," akanong'ona, "hii si ni..."

"Ni shida iliyofunguliwa upya. Usimwage."

Kengele ya saa ya Baraza ikalia kule mjini, kuashiria wakati wa makofi umepita. Bwana Upeo alikuwa na mengi, lakini hakuwa mwongo. Aliinamisha kidevu akakisoma kipimo juu ya mvuke wa pilau.

"Hakuna," akasema kwa sauti ya chini. Kisha kwa nguvu zaidi, maana sheria ni sheria: "Hakuna makofi! Daraja ni shida! Pilau ni shida!"

Wakabaki wanatazamana. Hawakujua mtu hufanya nini na shida iliyo wazi. Seremala mmoja mzee, ambaye ubao ulikuwa umeanza kumlemea, ndiye aliyeuliza: "Sasa hizi tuziweke wapi?"

Bi Mwanaidi akanyoosha kidole kwenye pengo.

Na hapo Bibi Dira, ambaye mikono yake ilikuwa sasa huru na kifua kimejaa, akafungua mdomo akapiga kigelegele. Hakikuwa cha kuku. Kilipanda kikavuka mto, na wanawake wa ng'ambo wakakijaribu, wakakipata, wakakirudisha. Bwana Upeo alikitazama kipimo chake kwa wasiwasi, lakini mshale haukutikisika. Kipimo kile kilitengenezwa kwa makofi tu. Watu wakagundua kwamba mtu anaweza kufurahi huku mikono inaendelea na kazi, na sijui kama kuna ugunduzi mwingine uliowahi kupokelewa vile katika nchi ile. Maseremala wa majukwaa wakaingia majini. Wale waliokuwa wameshika misumari wakaitoa. Makini akaanza upande wa pili, na kwa mara ya kwanza alilowa kwa sababu ya maana. Sufuria ya pilau ilizunguka, na Bwana Upeo aliibeba mwenyewe, akimlisha kila fundi tonge mdomoni, maana mikono yao ilikuwa na kazi.

Ijumaa alasiri, mvua ikiwa imeanza kunong'ona milimani, Zamda alishuka ukingoni na gauni lake. Ngoma mbele, wanawake nyuma, Bi Mwanaidi pembeni akiimba mpaka shingo imetoa mishipa. Daraja lilikuwa limefika ng'ambo, isipokuwa ubao mmoja wa katikati uliokuwa bado unachongwa, uwazi wa kuruka mtoto.

Bibi harusi alipokanyaga ubao wa kwanza, hisia ziliwazidi watu wote. Bi Mwanaidi aliviona viganja vikifunguka pande mbili za mto, kwa maelfu, vimeshajiandaa. Makofi yangelia, kengele ingegongwa, daraja lingetatuliwa likiwa na pengo lake, na ubao ule usingewekwa mpaka mwisho wa dunia.

"Mikono!" akapiga kelele. "Mshike mwenzio! Kila mtu amshike wa jirani!"

Wakashikana. Msururu ukaanza ukingo huu ukapita darajani mpaka ukingo wa pili, mkono ndani ya mkono, Bwana Upeo katikati ameshikwa na mkewe kwa nguvu kuliko wote. Viganja vilikuwa vinawasha, na pa kupigia hapakuwepo. Wakapiga vigelegele, wanaume kwa wanawake, vingine vibaya mno.

Upande wa pili Bi Staha aliinuka kwenye kiti. Hakungoja kushikwa. Alikuja kwa miguu yake juu ya mbao mpya, polepole, akizigonga kwa kisigino kujua kama ni za kweli, mpaka akafika penye uwazi. Zamda naye akafika upande wa huku. Wakatazamana, bibi kwa bibi harusi, maji yakipita chini.

"Mbona mmenikodolea macho?" Bi Staha akawauliza watu wote. "Leteni huo ubao."

Ukaletwa. Seremala mzee akaulaza bila kuupigilia msumari, ili daraja lisihesabiwe kuwa limekwisha: Makofini sasa kila siku mtu mmoja kwa zamu huutoa ubao ule, akauchunguza, akaurudisha, na kazi haiishi, na hakuna wa kuipigia makofi. Lakini hayo ni ya baadaye. Jioni ile Zamda alikusanya gauni lake, akavuka, akaangukia kifuani kwa bibi yake mkwe, na Bi Staha akainama akalishika pindo la gauni, akalipapasa kwa vidole kutoka mwisho huu mpaka mwisho ule.

Lilikuwa kavu.